Kumhamisha Blessing

Barua pepe iliingia Jumanne saa nne asubuhi, Vitus akiwa chini ya lori kwenye gereji moja ya Uyole, Mbeya. Aliisikia simu ikilia mfukoni akaiacha, maana mikono yote miwili ilikuwa imejaa grisi na giaboksi lilikuwa limekaa juu ya jeki. Alipotoka alijifuta kwa tambara, akasoma. Akasoma tena. Kisha akampa mwenzake Philbert asome, kwa sababu hakuyaamini macho yake.

Viza ilikuwa imetoka. Ya kwake, ya mke wake Prisca, na ya watoto wao wawili. Walikuwa wameingoja miezi kumi na nne, mpaka watu wa jumuiya wakaacha kuwauliza na Prisca mwenyewe akaacha kuitaja kwenye sala. Kampuni ya malori ya huko Australia iliyokuwa inamtaka Vitus bado ilikuwa inamtaka, na tiketi zao ingezilipia yenyewe. Shida ilikuwa moja. Vipimo vyao vya afya walivifanya Dar es Salaam mwaka uliopita, na muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Wote wanne walitakiwa wawe wameingia Australia kabla ya tarehe ishirini na tisa Juni.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi.

"Siku kumi na tisa," Philbert alisema, akimrudishia simu. "Aisee, hata harusi haiandaliwi kwa siku kumi na tisa."

Vitus hakupiga simu. Alipanda bodaboda na ovaroli lake hivyohivyo mpaka soko la Mwanjelwa, ambako Prisca alikuwa na duka la mchele. Prisca alipomwona amesimama katikati ya magunia saa tano ya asubuhi, rangi ilimtoka.

"Nani?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Imetoka."

Prisca alikaa juu ya gunia. Alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka tena. Halafu kicheko kikakatika, na neno la kwanza alilolisema halikuwa la Australia.

"Blessing."

Blessing ndiye mtoto wao wa kwanza. Mwezi Septemba angetimiza miaka sita, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameishi Nyololo, wilaya ya Mufindi, kwa bibi yake Benedicta, mama mzazi wa Vitus. Alipelekwa akiwa na miaka miwili na nusu, wakati mimba ya pili ya Prisca ilipokuwa inasumbua na daktari amemwamuru alale hospitali. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Ambrosi akazaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga, akahitaji mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Miezi mitatu ikawa sita. Duka likafunguliwa. Blessing akaanza chekechea hukohuko Nyololo. Kila sikukuu walikwenda kumwona na nguo mpya, na kila sikukuu alikuwa ameongezeka kimo. Bibi Benedicta ndiye aliyemwita "mama". Prisca alimwita "mama wa Mbeya".

"Nimpigie mama?" Vitus aliuliza.

"Hapana. Hili halisemwi kwenye simu."

Aliyepigiwa jioni ile alikuwa baba yake Prisca, mzee Ngolo, kule Rujewa. Mzee huyo alitoka Shinyanga na mifugo yake akiwa kijana, akahamia bonde la Usangu na mke na watoto wawili wadogo. Alisikiliza habari zote bila kukatiza.

"Huko ng'ombe wapo?" aliuliza mwishoni.

"Wapo, baba. Wengi."

"Basi nendeni," alisema, na Prisca akasikia anajikohoza. "Mimi mama yako nilimpa wiki moja tu ya kufunga mizigo. Alinung'unika miaka miwili, kisha akaacha."

Jumamosi walifika Nyololo mchana, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye misonobari. Blessing alikuwa uani, amevaa sweta la chekechea, anafukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Aliwaona, akapiga magoti na kusema "Shikamoo baba, shikamoo mama," vizuri kabisa, kama mtoto aliyefundishwa kusalimia wageni. Kisha akakimbilia nyuma ya nyumba kwa bibi yake.

Bibi Benedicta alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu wa jembe. Aliwakaribisha, akawapa chai, akasubiri. Alijua watu hawatoki Mbeya ghafla kwa ajili ya chai. Baada ya muda alimtuma Blessing kwa jirani na kisahani cha chumvi, akakaa chini na beseni lake la mahindi, akaanza kupukuchua.

"Mama, viza imetoka," Vitus alisema.

"Ya nani?"

"Ya wote."

"Wote ni nani na nani?"

"Mimi, Prisca, Ambrosi. Na Blessing."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni. "Lini?"

"Alhamisi. Siyo hii, ile ya pili."

"Siku kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

Vitus hakuwahi kukivumilia kimya cha mama yake tangu utotoni, na hapo pia hakukivumilia. "Kama unaona ni haraka mno, tunaweza kumwacha kwanza," alisema. "Mwaka mmoja. Tukishatulia nitakuja mwenyewe kumchukua."

Prisca aligeuka akamtazama. Hawakuwa wamelizungumza hilo. Alifungua mdomo kukataa, lakini akahisi, kwa aibu, kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inasubiri kusikia mama mkwe atajibu nini.

Bibi Benedicta aliweka gunzi chini. "Akibaki, hiyo viza yake inamngoja?"

Vitus alitazama mikono yake. "Haimngoji. Inakufa. Itabidi tuanze kumwombea upya."

"Miezi mingine kumi na nne."

"Au zaidi. Au wakatae."

Mama yake alikung'uta makapi kwenye kitenge chake, taratibu, mpaka yakaisha. "Basi swali hilo usiniulize tena, Vitus. Ukiniuliza mara ya pili nitakubali."

Akasimama. Alisema anahitaji siku mbili za kutafuta mtu wa kulisha kuku na kuingiza mahindi ndani. Jumanne angekuja Mbeya na mtoto, akae nao mpaka siku ya safari.

Jumanne walifika kweli, bibi na mjukuu, na begi moja la nguo na debe la viazi. Nyumba ya Vitus tayari ilikuwa imevurugika. Makochi yalikuwa yameuzwa, vyombo vilikuwa kwenye maboksi, kila saa mtu aligonga mlango kuulizia friji au kuaga. Prisca alitegemea kwamba mama mkwe atakuwa nguzo ya mtoto katikati ya fujo ile. Alichokiona kilimshangaza.

Usiku wa kwanza bibi Benedicta alisema atalala na Ambrosi. Blessing alale na mama yake. Mtoto alisimama mlangoni na kanga yake ndogo aliyozoea kujifunikia, akidhani bibi amesahau. Bibi akazima taa.

Asubuhi Blessing aliomba maji ya kunywa. "Mwombe mama yako," bibi alisema. Akaomba kufungwa kamba za viatu. "Mama yako yupo hapo." Kila alipomkalia bibi mapajani, bibi alikumbuka kazi ya nje, akainuka, akachukua ufagio. Uwanja ule ulifagiliwa mara nne kwa siku. Blessing alipungua maneno. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti, anawatazama wakubwa mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kosa alilolifanya.

Siku ya tatu alijikwaa kwenye ngazi, goti likachubuka, damu ikatoka. Alikimbia moja kwa moja kwa bibi yake aliyekuwa anaanika nguo. Prisca aliona yote kutoka dirisha la jikoni. Alimwona mama mkwe anaiweka mikono yake nyuma, anaifungia mgongoni, na kusema, "Nenda kwa mama yako. Yuko jikoni."

Mtoto alibaki katikati ya uwanja, hajui aende wapi. Prisca alitoka akambeba. Mtoto alikuwa amekakamaa kama gogo, na machozi hayakuwa ya goti tena.

Alipomaliza kumfunga kidonda na kumlaza, Prisca alimfuata mama mkwe kwenye kamba ya nguo.

"Mama, kama una hasira, zimalizie kwetu. Sisi ndio tunaoondoka. Mtoto hajakukosea kitu."

Bibi Benedicta hakugeuka. Alikuwa ameshika shati la Ambrosi lililokwisha kuanikwa, analinyoosha mikono.

"Unadhani mimi jiwe?" alisema. "Nina siku saba. Ndani ya siku saba huyu mtoto ajue kwamba akiumia anakimbilia kwako. Asipojulia hapa, atajulia wapi? Ndani ya ndege? Siku akiamka kwenye nchi ya watu analia mama, na mama anayemlilia ni mimi, niko Nyololo, wewe utamfanya nini?"

"Nikimshika leo," bibi aliendelea, "nikimshika hata mara moja, atajua kwamba mlango uko wazi. Atanisubiri. Sitaki anisubiri."

Prisca alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kuna jambo alikuwa amelibeba miaka mitatu, hajamwambia hata Vitus. "Ule mwaka wa kwanza nilikuja kumchukua," alisema. "Unakumbuka? Akalia, akakung'ang'ania, nikasema basi, abaki, asiumie. Haikuwa kwa ajili yake, mama. Nilikuwa nimechoka. Nilifurahi alipolia."

"Najua."

"Ulijua?"

"Hata mimi nilifurahi alipolia." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa. "Ningeweza kukwambia mchukue, atanyamaza mkifika Makambako. Nilikaa kimya. Nyumba ilikuwa na baridi sana tangu baba yake Vitus alipofariki."

Walikaa pale mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba za jirani. Kabla hawajaingia ndani bibi Benedicta alianza kumpa Prisca maelezo, bila mpangilio, kama mtu anayemkabidhi mwenzake shamba. Radi ikipiga usimwambie hakuna kitu, mwambie kuna kitu lakini kiko mbali. Maharage anakula, ila umpondee. Akidanganya anajikuna sikio. Kichwa chake ni chepesi kuumia, ukimchana nywele anza kwenye ncha, shika mzizi kwa mkono mwingine, usivute. Na asipotaka kusema usimbane, mpe kazi ya mikono, atasema mwenyewe.

Jumamosi Prisca alimsuka kwa mara ya kwanza. Alitumia saa mbili kwa mistari sita, na mistari yenyewe ilikuwa imepinda. Blessing alijiangalia kwenye kioo muda mrefu.

"Mama hasuki hivi," alisema.

"Najua. Mimi bado najifunza."

Mtoto alifikiri. "Huu wa hapa umenyooka," alisema, akagusa mmoja.

Jumatatu, kabla ya kupambazuka, Prisca aliamshwa na ubaridi. Godoro lilikuwa limelowa. Pembeni yake Blessing alikuwa amekaa wima gizani, hajalia, ameshikilia gauni lake la kulalia. Hakuwa amekojoa kitandani tangu akiwa na miaka mitatu.

"Usimwambie mama," alinong'ona.

Prisca alijua ni mama gani. "Simwambii mtu," alinong'ona naye. "Twende."

Walitoka uani kwa kunyata, wamebeba shuka kila mmoja upande wake. Maji ya Mbeya mwezi wa sita yanakata vidole. Prisca alisugua, Blessing akasuuza kwenye ndoo ndogo, wakakamua pamoja, huyu akivuta huku na yule akivuta kule, mpaka maji yakawarukia usoni. Wakaligeuza godoro. Wakaanika shuka nyuma ya choo, mahali ambapo hapaonekani. Halafu Prisca aliwasha jiko la mkaa, akamfunika mtoto kwa sweta lake mwenyewe, wakaota moto. Kulipoanza kupambazuka Blessing aliuliza, "Na huko kwenye ndege, mtu akibanwa?"

"Kuna choo ndani."

"Nikilala je?"

"Nitakuamsha. Nitakaa macho njia nzima."

Bibi Benedicta alipoamka aliizunguka nyumba na ufagio wake, akalikuta shuka. "Nani kafua alfajiri yote hii?"

"Mimi, mama," Prisca alisema. "Ambrosi kakojoa."

Ambrosi, aliyekuwa anakunywa uji, aliinua kichwa kwa hasira ya mtu aliyeonewa. "Mimi sijakojoa! Mimi mkavu! Shika!" Akasimama kuonyesha suruali yake.

Blessing alijikuna sikio. Kisha akamtazama Prisca, na kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka uji ukampalia. Prisca naye alicheka mpaka akashika meza. Bibi aliwatazama wote wawili. Aliendelea kufagia.

Siku zilizobaki ziliisha bila kuhesabika. Jumuiya ilikuja kusali na kuleta karanga za kubeba. Duka lilikabidhiwa kwa binti aliyekuwa akimsaidia Prisca, aitwaye Happy. Vitus aligombana na begi lililozidi uzito, akatoa spana zake alizozipenda, akaziweka tena, akazitoa tena. Philbert alizichukua akasema atamtunzia, na wote wawili walijua atazitumia.

Alhamisi asubuhi Philbert aliwapeleka uwanja wa ndege wa Songwe kwa gari la kuazima. Bibi Benedicta alivaa kitenge chake cha kanisani. Pale mahali ambapo wasiosafiri wanaishia, Vitus alimkumbatia mama yake akashindwa kumwachia, ikabidi Prisca amvute mkono. Ambrosi alipungia kila mtu, hata askari.

Blessing alikuwa na begi lake dogo la magurudumu, na alikuwa ameelezwa kwamba kazi ya kulivuta ni yake peke yake. Alimpigia bibi magoti.

"Kwaheri, bibi," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Bibi Benedicta aliinama, akamweka mkono kichwani, juu ya mistari iliyopinda, akaitikia, "Kwaheri, mjukuu wangu. Msikilize mama." Mtoto alitafuta mkono wa Prisca, akaupata, wakaingia kwenye foleni. Kuna kitu alimuuliza mama yake na mama akainama kumjibu. Walikuwa wanaongea bado walipokata kona. Hakugeuka nyuma.

Bibi alitembea mpaka kwenye gari vizuri tu. Walipofika Mbalizi alimwomba Philbert asimamishe, akasema miguu imekufa ganzi. Alishuka, akasimama kando ya barabara amelipa gari mgongo, kitenge kimefunika uso. Philbert alizunguka akaanza kukagua tairi moja la nyuma. Alilikagua karibu nusu saa.

Mji waliofikia ulikuwa upande wa magharibi wa Australia, mji mdogo wa migodi wenye udongo mwekundu na barabara pana zisizo na watu. Baridi ilikuwepo, ila kavu, ya kupasua midomo. Vitus alianza kazi siku ya tatu. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Blessing alikataa kula karibu kila kitu isipokuwa wali. Alimpiga Ambrosi. Siku moja alimwambia Prisca kwamba anamchukia, kwa Kiswahili, mbele ya geti la shule, na wazazi wengine wakatabasamu wakidhani anaaga. Lakini jioni ileile radi ilipopiga, alikuja mbio akajifungia chini ya mkono wake, na Prisca akamwambia ndiyo, kuna kitu, lakini kiko mbali.

Bibi Benedicta alikuwa ameweka sharti kabla hawajaondoka: wasimpigie simu mtoto akiwa karibu, mpaka yeye mwenyewe atakaposema. Blessing akiwa shuleni, Prisca alimpigia bibi, akampa habari zote, za kula na za kupiga. Bibi alisikiliza, akauliza swali moja au mawili, akarudi kwenye kuku wake.

Wiki ya saba, Jumapili jioni, simu ya Prisca ililia. Kwa Nyololo ilikuwa mchana. "Leo nipe nimwone," bibi alisema.

Blessing alizungumza dakika kumi bila kupumua. Alionyesha pengo la jino la mbele. Alisema mwalimu wake ana mbwa, na kwamba kuna rafiki yake ambaye hawezi kutamka jina la Nyololo. Bibi aliguna pale pa kuguna, akacheka pale pa kucheka. Kisha Ambrosi akaita kutoka nje kwamba ameona kasuku, na Blessing akasema, "Bibi ngoja nakuja," akatoka mbio na mlango ukajibamiza.

Hakurudi. Kulisikika sauti zao nje, wanabishana rangi ya kasuku.

Kwenye kioo cha simu bibi Benedicta aliendelea kutazama mahali ambapo mtoto alikuwa amekaa. Halafu uso wake ukakunjamana, akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, bila kitenge wala kisingizio, kama ambavyo hakulia siku zile zote za Mbeya.

Prisca hakumwambia nyamaza. Aliisimamisha simu ikaegemea kopo la sukari, akavuta kiti karibu, akachukua kisu na bakuli la viazi alivyokuwa akimenya. Alimenya polepole, ili mama mkwe amwone yupo.

"Ameota meno mawili ya nyuma pia," alisema baada ya muda. "Hakukuonyesha."

"Aa," bibi alisema, akijifuta kwa kiganja. "Ya juu au ya chini?"

"Ya chini."

Bibi alivuta pua, akasogeza kigoda chake karibu na simu. "Niambie na mengine," alisema.